Quad 405-2 ya mtumba: mvumo ulivyoisha na muziki unavyopiga sebuleni

Wadau wa muziki wa nyumbani, hii amplifaya ni nzuri kuliko bei yake, na ule mvumo unaowafanya watu waiuze bei ya kutupa mara nyingi hata hautoki kwenye amplifaya yenyewe. Nasema mapema ili asiye na muda wa kusoma yote aondoke na hilo. Ukikutana na Quad 405 au 405-2 ambayo mafundi hawajaichokonoa, bei inaeleweka, muuzaji anakwambia "ila ina mvumo kidogo", usiondoke. Omba iwashwe, omba uchomoe waya mmoja mmoja, sikiliza.

Kwa asiyeijua: Quad ni kampuni ya Uingereza, Peter Walker aliianzisha London mwaka 1936, Vita Kuu ya Pili ikawahamisha kwenda mji wa Huntingdon na huko ndiko kazi zao za maana zilikotoka. 1957 wakatoa zile spika zao bapa za kielektrostatiki ambazo mpaka leo kuna watu wanazisaka, 1967 ikaja amplifaya ya 303, na 1975 ikaja 405 ambayo ndio mama wa hii yangu. 405-2 ikafuata mwaka 1982, tofauti kubwa ikiwa ni ulinzi wa transista uliorekebishwa ili isibanebane ikipewa spika zenye omu ndogo, yaani zenye upinzani mdogo zinazovuta umeme mwingi. Wati ni 100 kwa kila chaneli kwenye omu 8, na nasema wati za ukweli, sio zile za stika kwenye sabufa za dukani zinazoandikwa maelfu kwa herufi nyekundu halafu ukigeuza nyuma transfoma yenyewe inakula wati 60. Uzito kilo 9, upana sentimita 34, unaikalisha kwenye rafu ya vitabu na bado nafasi inabaki.

Ufundi wake ndio uliofanya niitafute hii na sio nyingine. Ndani ya kila chaneli ni kama kuna amplifaya mbili. Moja ndogo, safi, ya klasi A, yaani transista zake zinapitisha umeme muda wote, na nyingine ni transista kubwa ambazo kazi yake ni kumwaga nguvu tu, ukizisikiliza peke yake zingekuwa na makosa mengi maana hazipewi umeme wa kuzipasha zikiwa zimetulia. Sasa ile ndogo inaziba makosa ya kubwa palepale, kupitia vipande vinne vilivyopangwa kama daraja: rezista mbili, kapasita na koili. Ukipata uwiano wa hivyo vipande vinne, makosa yanafutana. Kazi hii iliwapatia tuzo ya Malkia ya teknolojia mwaka 1978. Kwa sisi wanunuzi wa mtumba faida yake ni kubwa sana na watu hawaisemi: hamna kile kiskrubu cha kurekebisha bayasi, ule umeme wa kuzipasha transista zikiwa zimetulia, humo ndani. Amplifaya nyingi za zama zile ukizipata leo bayasi imeshahama, chaneli moja inachemka nyingine imelala, fundi kazungusha skrubu kwa kubahatisha. Hapa hamna cha kuzungusha. Kama vipande ni vizima inapiga vile ilivyopiga ilipotoka kiwandani, na haichemki, naiacha jioni nzima mapezi yake ya mbele yanakuwa ya vuguvugu tu.

Yangu nimeitoa Upanga, hapa Dar, kwa mzee mmoja mstaafu aliyenunua mwenyewe akiwa masomoni Uingereza na kuitunza vizuri mno, boksi halina hata kutu, skrubu zote hazijaguswa. Skrubu nazitaja makusudi, ziangalieni kila mnaponunua vitu hivi, skrubu yenye meno yaliyolika ina maana kuna mtu kaingia ndani. Alitaka laki nane, tukakubaliana laki sita na nusu, kisa mvumo. Aliiwasha na spika zake, upande wa kushoto ukaanza mmmmmm nzito ya kujaza chumba, kulia ndogo ya mbali. Mzee akasema, "Mwanangu, fundi ameniambia kapasita zimekufa, sasa mimi umri huu nitazitafutia wapi." Nikamwambia, "Mzee wangu, naomba nichomoe ule waya wa nyuma kidogo." Waya wenyewe ni wa pini nne za DIN, ile plagi ya mviringo ya kizamani, upande wa pili una RCA mbili, zile plagi za kawaida za sauti, zinazoenda kwenye priamplifaya, kile kiboksi cha voliyumu kinachokaa mbele ya amplifaya. Tukazima, nikachomoa, tukawasha. Kimya. Nimeweka sikio kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ndio nasikia sss ya mbali kabisa, ya kawaida.

Hapo jibu limeshapatikana nusu. Kama amplifaya peke yake, bila kitu chochote nyuma zaidi ya umeme na spika, iko kimya, basi mvumo unaingizwa kutoka nje. Kama bado inavuma hata ukiwa umeziba njia yake ya kuingilia, ugonjwa uko ndani. Nasema kuziba kwasababu njia ikiwa wazi inaweza kudaka kelele kama antena, kwahiyo mwenye kutaka uhakika anachukua RCA ya kike tupu, anaunganisha pini ya kati na gamba la nje, anaichomeka mwishoni mwa waya. Inagharimu chini ya elfu mbili na inasema ukweli kuliko maneno ya mafundi kumi.

Na upande mmoja kuvuma kuliko mwingine nayo ni habari. Badilisha kulia kwa kushoto kule kwenye priamplifaya. Mvumo ukihamia spika ya pili, tatizo liko kwenye priamplifaya au vinavyoilisha, ukibaki palepale basi liko kwenye waya au kwenye amplifaya. Wa mzee ulibaki palepale, na amplifaya ilishajitetea, kwahiyo amebaki mtuhumiwa mmoja, waya. Nyumbani nikaufungua ule mkia wa DIN, nyuzi za nje zinazofunika waya wa kushoto zilikuwa zimeachia risasi ya kuchomelea, zimening'inia, hazigusi popote. Zile nyuzi ndio ngao, zikikatika waya wa ndani unabaki uchi na unadaka umeme wa nyumba nzima. Nikachukua waya mpya wenye ngao nzuri, nikaunganisha plagi mpya, upande wa kushoto ukanyamaza siku hiyohiyo. Kapasita "zilizokufa" zilikuwa bado hazijaguswa.

Sasa ukaja mvumo wa pili, wa kwangu mimi, maana kila nyumba ina wake. Huu ulikuwa kwenye spika zote mbili sawasawa, mzito, wa chini, na ulikuwepo tu king'amuzi kikiwa kimeunganishwa. Hapa tuelewane kuhusu sauti zenyewe, kwasababu sikio linaweza kukufanyia kazi kubwa. Umeme wetu ni volti 230 na unafanya mizunguko 50 kwa sekunde, kwahiyo mvumo wa hezi 50 ni laini, wa kina, unausikia kifuani zaidi kuliko sikioni, na mara nyingi chanzo chake ni mzunguko wa ethi (ethi ni ule waya wa ardhi, nitaeleza hapo chini) au waya uliopita karibu na transfoma. Ukisikia mvumo mkali kidogo, wenye ukwaruzo kama mzzz, huo kwa kawaida ni hezi 100 na kuendelea, maana dayodi za kubadilisha umeme zinatoa mapigo mawili kwa kila mzunguko, na hapo ndio unaanza kuwatazama kina kapasita. Simu yako ina programu za bure za kuonyesha masafa ya sauti, iweke karibu na spika, uone mlima umesimama kwenye 50 au 100. Mikrofoni za simu haziko sawa huko chini lakini kwa kutofautisha hayo mawili inatosha.

Mzunguko wa ethi ni nini hasa. Amplifaya yako imeshika ardhi kupitia plagi ya miguu mitatu. King'amuzi chako kimeshika waya wa dishi, na dishi liko juu ya paa limefungwa kwenye chuma cha jengo, na kama mnakaa flati kama sisi ambapo dishi moja linalisha nyumba kibao, ule waya wa dishi umeunganisha ngao yake na ving'amuzi na TV za majirani wote, na kila kimoja kinavujisha umeme kidogo. Kwahiyo una ardhi mbili ambazo hazilingani, na waya wako wa muziki ndio umekuwa daraja kati yake. Umeme mdogo unatembea kwenye ngao ya waya wa RCA kutoka ardhi moja kwenda nyingine, na amplifaya inauona kama ni muziki inaukuza. Jaribio lake ni rahisi: muziki ukiwa umezimwa, chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Mvumo ukikatika kama umekatwa na kisu, umemkamata.

Sasa dawa. Mimi nilitoa waya wa RCA wa king'amuzi nikaweka wa mwanga, ile kebo ya optiko yenye taa nyekundu, kutoka king'amuzi hadi kwenye kiboksi cha DAC, kinachogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya analogi. Mwanga haubebi umeme kwahiyo daraja limevunjwa na sauti inapita, tena nzuri zaidi. Kama king'amuzi chako hakina tundu la optiko, tafuta transfoma ndogo ya kutenganisha laini ya sauti, yenye uwiano wa moja kwa moja (1:1), zinauzwa kwa ajili ya redio za magari na zinafanya kazi hata nyumbani, ila za bei ya chini sana zinakula besi kidogo. Kuna pia kiunganishi cha kutenganisha ngao ya waya wa antena, lakini kwa dishi la satelaiti uwe mwangalifu, waya uleule unapeleka umeme kwenye kichwa cha dishi na kiunganishi cha aina hiyo kinaweza kuuzuia ukakosa picha.

Hapa niseme kitu kwa herufi kubwa moyoni ingawa sitaandika kwa herufi kubwa. Kuna fundi nilimuuliza kuhusu huu mvumo, hakuja hata kuangalia, akanijibu kwenye simu, "kaka kata tu huo mguu wa ethi kwenye plagi, utaisha." Na kweli ungeisha, kwasababu ukikata ethi ya amplifaya unavunja ule mzunguko. Lakini hii amplifaya ina mwili wa chuma mtupu, na ule mguu wa tatu ndio unaohakikisha kwamba siku waya wa ndani ukiachia na kugusa boksi, fyuzi inakatika badala ya boksi zima kukaa na volti 230 likimsubiri mtoto wako aje kuligusa. Msikate. Asiwadanganye mtu. Mvumo unatibiwa upande wa waya wa sauti, kamwe sio upande wa ethi ya umeme, na fundi anayekupa ushauri huu usimpe hata pasi yako atengeneze.

Tena wengi wetu ethi yenyewe hatuna na hatujui. Soketi ina matundu matatu ukutani lakini nyuma yake waya wa tatu haupo, au upo haujafika ardhini. Na ekstensheni za bei rahisi, zile zinazopokea plagi za aina zote, nyingi ukizifungua ndani mna waya mbili tu. Mwiteni fundi umeme anayeaminika apime: laini kwa nutro iwe kwenye 230, laini kwa ethi iwe karibu hivohivo, nutro kwa ethi iwe volti chache tu. Ukiona laini kwa ethi inasoma kitu cha ajabu kama 90 au 120 inayoyumba, ethi yako inaelea. Kwangu soketi ya sebuleni ilikuwa sawa, nilichofanya ni kuweka vyombo vyote vya muziki kwenye ekstensheni moja nzuri yenye ethi ya kweli, kutoka soketi moja, na hiyo peke yake ilipunguza mabaki ya mvumo.

Laptop nayo ina lake. Ukipiga muziki kutoka laptop huku chaja iko kwenye umeme unasikia kama mbu, na ukisogeza mausi yule mbu anabadilisha sauti. Chomoa chaja, anaondoka. Wengi wanabadilisha waya wa gharama kubwa bure wakati ugonjwa ni chaja. Piga kwa betri, au tumia optiko kama hapo juu.

Sasa kuna jambo la Quad hii hasa ambalo linafanya kila mvumo mdogo uonekane mkubwa, na ukilijua utaipenda zaidi. Njia yake ya kuingilia inahitaji volti nusu tu kutoa wati zote 100. Wati 100 kwenye omu 8 ni kama volti 28, kwahiyo inakuza mara 56 hivi. Zama zile priamplifaya za Quad zilitoa hiyo nusu volti na mambo yakawa sawa. Leo karibu kila kiboksi cha DAC au CD kinatoa volti 2, mara nne ya inachotaka. Matokeo yake unagusa tu kitufe cha voliyumu sauti imeshajaa nyumba, unabaki kucheza pale mwanzoni kabisa mwa kitufe maisha yako yote, na kelele yoyote iliyoingia kwenye waya nayo inakuzwa mara 56. Dawa ni rezista mbili kwa kila chaneli mwishoni mwa waya, upande wa amplifaya, za kupunguza sauti mpaka robo yake, yaani desibeli 12. Ziwe upande wa amplifaya, narudia, sio upande wa DAC, ili zipunguze na uchafu uliookotwa njiani. Mimi nilizificha ndani ya plagi ya DIN. Gharama haifiki elfu tano. Baada ya hapo voliyumu inazunguka vizuri mpaka katikati, na ule mzomeo wa mbali niliokuwa nausikia kwenye twita umepotea kabisa kwenye kiti changu.

Bado kuna mvumo mmoja ambao hautoki kwenye spika, unatoka kwenye boksi lenyewe, transfoma inaunguruma. Huo hauingii kwenye muziki, lakini usiku unaudhi. Transfoma za namna hii, na hasa zile za mviringo kama maandazi ya tundu, hazipendi umeme wenye DC, yaani umeme wa upande mmoja, ndani yake, na DC hiyo inaletwa na vyombo vinavyokula nusu ya wimbi. Drya ya nywele ikiwekwa moto wa kati, nyingi zinatumia dayodi moja kukata nusu ya wimbi. Chini ya flati yetu kuna saluni, na jioni ya Jumamosi wateja wakijaa ukiweka sikio kwenye Quad unasikia imeanza kuguna kidogo, saluni ikifungwa inatulia. Kutoka kwenye kiti hausikiki kwahiyo nimeiacha. Aliye na shida kubwa anaweza kutengenezewa kichujio cha kuzuia DC, lakini kinakaa kwenye njia ya umeme mkubwa, kifanywe na mtu anayejua.

Kapasita nimezibadilisha mwishowe, ingawa hazikuwa chanzo. Ni mbili, za maikrofaradi 10,000 kila moja, volti 63, na zina umri wa kutosha kuwa na wajukuu. Fundi wangu, huyu ni mwingine kabisa na ni mtu makini, alipima moja ikawa imeshuka vibaya. Hapa tahadhari mbili. Ya kwanza, kapasita hizi zinabaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi, reli zake, yaani njia za umeme wa ndani, ni volti 50 juu na 50 chini, ukizigusa zote mbili unagusa 100, kwahiyo zinamwagwa kwanza kwa rezista, sio kwa bisibisi. Ya pili, Kariakoo kapasita feki zipo nyingi, gamba kubwa limeandikwa 10,000 ndani kuna kadogo. Nenda na multimita inayopima kapasita, muuzaji mkweli hatakasirika, wa kwangu alichukua mita yake mwenyewe akanipimia tatu nichague mbili.

Na kabla ya kuiwasha baada ya kazi tuliunga balbu ya zamani ya waya, ya wati 100, kwenye mfululizo na umeme wake. Ikiwaka kidogo halafu ikafifia, amplifaya ni nzima. Ikibaki inawaka kali, kuna shoti, zima. Halafu tukapima DC kwenye matundu ya spika, iko ndani ya milivolti chache, ndipo tukaunga spika. Msiruke hatua hii, Quad hii haina ile rilei inayobofya ikiwashwa ili kulinda spika, kikiharibika kitu ndani spika zako zinaweza kuumia.

Sasa muziki, maana ndio sababu ya kununua.

Nina spika za KEF za rafu, za mtumba pia, na priamplifaya ya kawaida tu ya voliyumu bila umeme. Cha kwanza unachokiona ukishamaliza mvumo ni jinsi mahali pa kimya palivyo kimya. Kwenye taarab ya zamani ya Unguja, ile ya okestra, kuna pale mwimbaji anamaliza ubeti na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, inabaki peke yake inadondosha noti. Zamani kwenye sabufa noti zile zilikuwa zinakuja zikiwa zimeshikana. Hapa kila uzi unasikika unapokwanyuliwa, halafu unasikia unavyofifia, halafu kabla haujaisha kabisa fidla zinaingia zote kwa pamoja na unajua kuwa ni watu kadhaa, sio fidla moja kubwa. Akodiani ukisikiliza vizuri unasikia hewa inavyovutwa. Mama alikuja kutoka Tanga, akakaa hapo na chai yake, sikumwambia kitu, baada ya muda akauliza, "Hivi huyu wa dumbaki alikuwepo siku zote kwenye hii nyimbo?" Alikuwepo mama, ila tulikuwa tumemfunika.

Dansi la zamani ndio limenishangaza zaidi. Rekodi za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) za miaka ya 70 zinasifika kwa utunzi na kulalamikiwa kwa ubora, watu wanasema zimerekodiwa kizamani, hazina besi. Besi ipo. Sio ya kutikisa dirisha, ni ya gitaa, yenye noti, unaweza kuiimba. Gitaa la solo na ridhimu, hata kama rekodi ni mono na yote yanatoka katikati, unayatenga kwa rangi ya sauti, na sebene likifika tarumbeta zinapanda bila kukuchoma masikio. Na hayo yote kwa sauti ya chini, voliyumu ambayo mtu anaongea na simu chumba cha pili hasumbuki. Kwangu hicho ndicho kipimo cha amplifaya ya nyumbani. Kupiga kelele kila kitu kinaweza, kupiga polepole na muziki ukabaki mzima ni wachache.

Ukiipandisha inapanda bila kubadilika tabia, haijawahi kukwaruza kwangu, ingawa sijawahi kuwa na sababu ya kuifikisha mwisho. Anayetafuta besi ya kutingisha kifua atafute kitu kingine, hii haiongezi kitu, rekodi mbaya ya bongo fleva iliyobanwa mpaka mwisho itasikika imebanwa. Kuna wanaosema Quad za zama zile ni za kistaarabu mno, hazina msisimko. Ukitoka kwenye sabufa siku ya kwanza unaweza kukubaliana nao. Ipe wiki mbili, halafu urudie ile sabufa.

Mapungufu ya kila siku yapo. Haina swichi ya kuwashia, ilitengenezwa iwashwe kupitia priamplifaya za Quad zenyewe, kwahiyo mimi natumia swichi ya soketi. Haina voliyumu, rimoti wala bluetuthi, ni nguvu tupu, lazima uwe na kitu mbele yake. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo kama tunavyoujua, iwe nyuma ya gadi, hata ile ya friji inafaa, inasubiri dakika kadhaa umeme utulie ndio inaruhusu. Faida yake kwetu ni kwamba transfoma yake inapangika kwa 240, tofauti na mitambo mizuri ya Japani inayokuja ikiwa ya volti 100 au ya Marekani ya 120, ambayo unailipia tena transfoma ya kushusha, na transfoma hiyo ikiwa mbovu inakuletea mvumo mwingine mpya. Mkinunua angalieni imepangwa wapi kabla hamjachomeka, iliyopitia nchi nyingine inaweza kuwa imeachwa kwenye 110.

Kwa jumla ya hesabu: laki sita na nusu ya mzee, waya na plagi, kapasita mbili, rezista, kebo ya optiko na mkono wa fundi, haijafika laki nane, yaani bado niko chini ya bei aliyoitaja mwanzo. Kwa laki nane dukani leo napata boksi la plastiki lenye taa za rangi. Mwenye kuiona popote, Dar, Arusha, Mombasa, kwenye mauzo ya wageni wanaohama Masaki au kwa wazee wa Upanga, aende na RCA yake ya kike iliyozibwa, pamoja na multimita mfukoni. Na waya wa DIN autengeneze mapema, maana dukani kuupata mzuri ni shida, na uliokuja na amplifaya wenye umri uleule usiuamini hata kama kwa leo haujaanza kuvuma.